Tangi Letu la Matumbawe: Taa, Wadudu na Subira

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana muhula huu, mabwenini na hata katika chumba cha walimu. Jambo lenyewe ni lile tangi la kioo lililomo katika chumba cha Biolojia.

Kwa ajili ya wazazi ambao hawajaliona, yafaa nieleze kwanza. Tangi hili si kubwa. Laingia lita 60 za maji ya chumvi. Ndani yake mna samaki wawili wadogo, konokono watano, mawe tuliyopewa na mwenye hoteli mmoja aliyefunga tangi lake, na matumbawe laini yaliyokatwa katika matangi ya wafugaji wengine. Hakuna hata kipande kimoja kilichong'olewa mwambani. Juu yake imening'inizwa taa moja ya LED, na ndani mna pampu ndogo ya kuyazungusha maji.

Tangu katikati ya muhula hali ya tangi imeharibika. Mawe yameota wanyama wadogo wa rangi ya hudhurungi wenye vidole vingi. Mchanga umefunikwa na utando mwekundu. Na matumbawe yaliyo karibu na taa yamefifia rangi. Katika mkutano wa mwisho wa Chama cha Sayansi yalitolewa mashauri manne. Wa kwanza alisema tangi lihamishwe dirishani lipate jua. Wa pili alisema tutie mrututu, kwa kuwa upo tele katika maabara ya Kemia. Wa tatu alisema mawe yatolewe yakachemshwe kwenye sufuria, wadudu wafe mara moja. Wa nne, aliyechoka na maneno, alisema vyote vikamwagwe baharini, kwani bahari iko hapo chini tu. Kura itapigwa kabla ya shule kufungwa.

Mimi napinga mashauri yote manne. Sisemi hivyo kwa ubishi. Nasema kwa sababu moja katika hayo laweza kuwapeleka wenzetu hospitali, na mengine matatu yataua kile tunachotaka kukiponya au kudhuru bahari yetu. Nitayajibu moja moja.

Kwanza nianze na mwanga. Wengi wetu hudhani tumbawe ni jiwe, au ni mmea. Si jiwe wala si mmea, ni mnyama. Lakini ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, nao hutengeneza chakula kwa nguvu za mwanga kama majani ya muhindi yafanyavyo shambani. Sehemu kubwa ya chakula hicho humfaidi mnyama, naye humpa mwani makao. Kwa hiyo taa katika tangi si pambo la kutufurahisha sisi watazamaji. Taa ndiyo chakula.

Basi mtu aweza kusema: ikiwa mwanga ni chakula, tuwape jua lote! Hapa ndipo penye kosa. Wanasayansi huupima mwanga ufaao mimea kwa kuhesabu chembe zake zinazoanguka juu ya mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Jua la adhuhuri katika nchi zetu laweza kufika kipimo cha 2,000 hivi juu ya maji. Matumbawe laini kama yetu hutosheka na 50 hadi 150. Yale magumu yenye matawi hutaka zaidi, kama 200 hadi 350, lakini hayo hatunayo. Tumbawe likipewa mwanga kupita kiasi, mwani wake hugeuka sumu kwake, naye humtoa nje. Likishamtoa hubaki jeupe, na lisipompata tena hufa njaa. Hayo ndiyo yaliyoanza kuonekana kwa matumbawe yetu ya juu. Hayakukosa mwanga, yalizidishiwa.

Tena dirisha huleta joto. Maji ya tangi la matumbawe yafaa yawe kati ya nyuzi 25 na 27 za Selsiasi. Lita 60 ndani ya kioo kinachopigwa na jua la pwani zitapita nyuzi 30 kabla ya saa nane mchana. Bahari ni kubwa, haipati joto upesi. Tangi dogo ni kama kikombe cha chai, hupata joto upesi na hupoa upesi.

Liko na jambo la rangi. Maji hula rangi nyekundu kwanza. Mtu akizama mita kumi, sehemu kubwa ya wekundu wa jua imekwisha potea, na ubuluu ndio unaobaki. Matumbawe mengi yameyazoea maisha hayo, ndiyo sababu taa za kufugia hupigwa ubuluu. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba taa yetu yafanya chumba kionekane kama mwezi umeingia ndani. Hiyo si hitilafu. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu yatosha. Tuinue taa. Wenzangu wa Fizikia wakumbuke kanuni: taa iliyo kama nukta ikisogezwa kutoka sentimita 40 hadi 20, nguvu ya mwanga wake huwa mara nne, wala si mara mbili. Taa yetu ina nukta nyingi, kwa hiyo hesabu haitakuwa sawasawa hivyo, lakini maana ni ile ile: sentimita chache si jambo dogo. Pili, tununue swichi yenye saa, taa iwake saa tatu asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni, yaani saa tisa kamili kila siku, Jumapili na sikukuu. Sasa huwashwa na yeyote aingiaye kwanza, na huzimwa na yeyote akumbukaye. Siku nyingine imewaka mpaka saa nne usiku. Tatu, kama baadaye tutataka kuongeza nguvu, tuongeze kidogo kidogo kwa muda wa wiki kadhaa, kama mtu anavyolizoea jua baada ya kuugua muda mrefu.

Wazazi wameuliza habari za gharama, nao wana haki ya kuuliza. Taa yetu ni ya wati 30. Kwa saa tisa ni wati-saa 270 kwa siku, yaani yuniti 8 hivi kwa mwezi. Pampu ya wati 5 huenda usiku na mchana, nayo hula yuniti 3.6. Jumla haifiki yuniti 12. Umeme ukikatika, taa si ya kuhangaikia. Matumbawe huvumilia giza la siku moja au mbili. La kuhangaikia ni pampu, kwa kuwa maji yasipotembea samaki hukosa hewa baada ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa itumiayo betri ingefaa kuliko taa kubwa zaidi.

Sasa nije kwenye wadudu. Nalitumia neno hili kama tulitumiavyo wote, ingawa wengi wao si wadudu hasa. Shauri langu la kwanza ni kwamba tusiue tusiyemjua. Mwezi uliopita mtu alitoa mnyoo mwenye vinyweleo chini ya jiwe akamponda. Minyoo ile, walio wengi, ni wafagiaji. Hula mabaki ya chakula ambayo yangeoza. Asishikwe kwa mkono mtupu, maana vinyweleo vyake huchoma, lakini aachwe kazini kwake. Kadhalika vile viduduvidudu virukavyo usiku kwenye kioo mfano wa uduvi ni chakula cha samaki.

Adui wetu wa kweli ni yule mwenye vidole, ambaye wataalamu humwita Aiptasia. Huyu ni jamaa wa matumbawe, lakini ni jamaa mbaya. Huwachoma majirani na kuwanyang'anya mahali. Alikuja na mawe tuliyopewa. Na ubaya wake mkubwa ni huu: ukimkwangua kwa kisu humpunguzi bali wamzidisha, kwa kuwa kipande kidogo cha mguu wake kikibaki jiweni huota na kuwa mnyama mzima. Waliokuwa wakikwangua mawe kwa wembe kila Jumamosi walikuwa wakipanda shamba bila kujua.

Je, mrututu? Ni kweli kwamba shaba huua vijidudu vya samaki, na wafugaji huitumia kwa samaki wagonjwa katika tangi la pembeni lisilo na kitu kingine. Lakini shaba haichagui. Itaua konokono, itaua kamba, itaua matumbawe yenyewe. Na baadaye huingia katika mawe na mchanga, ikatoka kidogo kidogo kwa muda mrefu, hata tangi likawa halifai tena kwa viumbe hivyo. Kuitia mrututu nyumba hii ili kumfukuza Aiptasia ni kuchoma ghala ili kuua panya.

Shauri la tatu ndilo linalonitia hofu zaidi, nami naomba walimu wetu walikataze hata kabla ya kura. Juu ya mawe yale yameota matumbawe laini yafananayo na vifungo vya shati. Baadhi ya jamii hiyo yana sumu iitwayo palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kupita zote zitokanazo na viumbe. Wenyeji wa kisiwa cha Maui, katika visiwa vya Hawaii, waliijua tangu zamani; yasimuliwa kwamba walipaka mikuki yao kwa kiumbe hicho. Mwaka 1971 wanasayansi wa huko Hawaii, Richard Moore na Paul Scheuer, walitangaza kwamba wameitenga sumu hiyo. Jiwe lenye viumbe hao likichemshwa, sumu huweza kupanda pamoja na mvuke na kuingia vifuani mwa watu. Wako wafugaji wa nchi za ng'ambo waliolazwa hospitali pamoja na jamaa zao kwa sababu ya kuchemsha au kusugua mawe kama hayo ndani ya nyumba. Sufuria iliyotajwa mkutanoni ni ya jikoni kwetu. Sina haja ya kuongeza neno. Yeyote atiaye mkono katika tangi avae glavu na miwani, asiwe na kidonda kisichofungwa, na anawe kwa sabuni akimaliza.

Mtu ataniuliza, umekataa kila dawa, yako ni ipi? Yangu ni chokaa. Ndiyo, chokaa hiyo hiyo! Babu zetu wa pwani walichoma matumbawe katika matanuri wakapata chokaa, wakajengea majumba na misikiti ya Kilwa na Lamu. Chokaa safi ya maabara ikizimwa kwa maji na kukorogwa iwe kama uji mzito, hutiwa katika bomba la sindano. Pampu husimamishwa, na uji huo hutonwa polepole mdomoni mwa Aiptasia hata akafunikwa wote. Hapana kumgusa kwanza, maana akishtuka hujivuta ndani ya tundu. Baada ya robo saa pampu huwashwa tena. Lakini yapasa kujizuia. Chokaa huongeza ukali wa alikali katika maji, nayo maji ya bahari hutaka kuwa na pH ya 8.1 hadi 8.3 hivi. Katika lita 60 mimi nashauri watatu au wanne kwa siku, wala si zaidi. Nimewahesabu waliopo, ni 46. Kwa mwendo huo, na kwa kuwarudia watakaochipuka, kazi itachukua mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Najua wako viumbe wawezao kutusaidia. Yuko kitatange mwenye mdomo mrefu na mistari ya rangi ya shaba, lakini huyo ataka tangi kubwa mara nyingi kuliko letu. Yuko koa mdogo wa bahari aitwaye Berghia, ambaye hali kitu kingine ila Aiptasia. Akiwamaliza, naye hufa njaa. Wako na kamba wadogo wa bahari ya Atlantiki. Hao wote ni wa kuagizwa kutoka mbali. Mikono yetu na bomba la sindano tunavyo hapa.

Kuhusu utando mwekundu, dawa yake imo katika mambo niliyokwisha taja. Utando ule hustawi panapokuwa na mwanga mrefu na uchafu mwingi. Wengine huzima taa siku tatu mfululizo, na kweli utando hufifia. Lakini sababu isipoondolewa hurudi. Samaki wawili wanalishwa na watu wanane, kila mmoja akidhani wa kwanza ni yeye. Chakula kinachobaki huoza, na kuoza kwake ni mbolea. Tupunguze chakula, tunyonye utando kwa mpira, na kila wiki tubadili lita sita za maji.

Hapa niseme neno juu ya chumvi, maana feni tuliyoiweka kupunguza joto hukausha maji. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Lita 60 zenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita zina gramu 2,100. Zikikauka lita 6, chumvi ile ile sasa imo katika lita 54, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Kwa hiyo yaliyokauka hujazwa kwa maji matamu yaliyo safi, si kwa maji ya bahari. Tuchore mstari kwenye kioo, na kila asubuhi mwenye zamu ajaze mpaka mstarini.

Na tangu sasa kitu chochote kipya kisiingie moja kwa moja. Kikae wiki kadhaa katika ndoo ya pembeni yenye taa yake na pampu yake, kikaguliwe kwa kioo cha kukuzia. Kuchovya tumbawe katika dawa ya aidini huangusha minyoo bapa na koa walao matumbawe, lakini mayai yao husalia. Kwa hiyo mayai hukwanguliwa, na kuchovya hurudiwa baada ya siku kadhaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Limebaki shauri la nne, la kumwaga vyote baharini. Laonekana kama huruma, lakini silo. Viumbe waliokaa pamoja na viumbe wa nchi mbalimbali katika matangi ya watu waweza kuchukua magonjwa na wageni wasiojulikana huku. Tazameni yaliyotokea Marekani. Samaki mwenye miiba mirefu ya sumu na mistari ya wekundu na weupe, ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana karibu na Florida mwaka 1985. Yaaminika alitoka katika matangi ya watu. Sasa ameenea Karibi yote akila samaki wachanga wa miamba, na hawajaweza kumwondoa. Asiyetaka tena kufuga na ampe mfugaji mwingine. Asiyempata, vitu vyake visifike baharini.

Mzazi mmoja aliuliza kwa nini tufuge matumbawe ilhali mwamba uko mbele yetu. Ni swali la haki. Mimi hujibu kwamba wengi wetu tumezaliwa pwani na hatujawahi kutia uso chini ya maji. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya meupe matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya Mafia, na mengi yalikufa. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu walitangaza kwamba matumbawe ya dunia yamepatwa na tukio la nne la namna hiyo. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake tumbawe moja likipoteza rangi, na akajua sababu, atalielewa jambo hilo zaidi ya yule aliyelisoma tu. Lakini sitaki mtu aseme nahimiza kila mmoja aweke tangi nyumbani. Matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mipaka kwataka kibali. Kung'oa mwambani ili kupamba sebule ni uharibifu, hata aking'oa mwanafunzi wa Biolojia.

Hoja moja ya wapinzani wangu nakiri kwamba ina nguvu. Nani atalitunza likizoni? Tangi la lita 60 haliwezi kuachwa wiki nne. Basi napendekeza hivi. Mkutano ujao uchague watu wanne wakaao mjini, kila mmoja achukue wiki yake, na ufunguo ukae kwa mwalimu wa zamu. Pawe na daftari moja mezani, liandikwe kila siku joto, chumvi, maji yaliyojazwa na idadi ya Aiptasia waliotiwa chokaa. Wakipatikana wanne, tangi libaki muhula mmoja zaidi. Wasipopatikana, nitakuwa wa kwanza kusema viumbe hawa wapewe mfugaji awezaye kuwatunza, maana si haki kuwafungia katika kioo halafu tukaenda zetu.

Mimi nimekwisha andika jina langu kwa wiki ya kwanza. Nafasi tatu ziko wazi kwenye ubao wa matangazo.

Wako,
Mwana-Chama cha Sayansi,
Kidato cha Tano